Orodha ikishafungwa isiguswe: programu za kompyuta na hesabu ya maziwa yako

Mfugaji anapopeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, huondoka na swali moja kichwani: je, lita zilizopimwa leo asubuhi ndizo zitakazohesabiwa siku ya malipo?

Zamani jibu lilikuwa kwenye daftari la karani. Siku hizi vyama kadhaa vya ushirika vinahamia kwenye simu na kompyuta, na daftari limekuwa orodha iliyo ndani ya programu. Daftari lilikuwa na faida yake. Mwanachama aliweza kuliomba, akaona palipokwanguliwa kwa wembe, palipopakwa wino mweupe au palipochanwa ukurasa. Orodha ya kompyuta haina alama za wembe. Mstari mmoja ukiondolewa, iliyobaki huonekana safi, kana kwamba mstari huo haukuwahi kuwapo.

Katika makala haya tunaeleza njia moja ambayo watunzi wa programu huitumia kuzuia jambo hilo: kuchukua data inayoingia kwa mfululizo, kuichuja, kisha kuifunga katika orodha isiyoweza kubadilishwa. Tutatumia mfano wa lugha ya Java. Si lazima uwe umesomea kompyuta. Ukilijua chujio la maziwa na chombo chenye mfuniko, nusu ya somo unayo tayari.

Java ni nini?

Java ni lugha ya kuandikia programu. Ilitolewa kwa umma mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na tangu mwaka 2010 iko mikononi mwa kampuni ya Oracle, iliyoinunua Sun. Waliokuwa na simu za vitufe miaka ya 2000 huenda wanakumbuka picha ya kikombe cha kahawa kinachofuka moshi, iliyotokea kabla ya mchezo kufunguka. Hiyo ndiyo alama ya Java. Baadaye programu nyingi za simu za Android nazo ziliandikwa kwa lugha hiyo, na mpaka leo inatumika katika mifumo mingi ya ofisini.

Data inavyotiririka

Mwezi Machi 2014 lilitoka toleo la 8 la Java. Toleo hilo lilileta njia mpya ya kushughulikia data, yaani mtiririko. Mtiririko si chombo cha kuhifadhia. Ni njia ambayo data hupita, kama maziwa yanavyopita kwenye chujio kutoka ndoo ya mfugaji hadi chombo cha kituo. Chujio halihifadhi maziwa. Linayapitisha na kuzuia yasiyotakiwa.

Tuseme kituo kimepokea wanachama watano asubuhi moja, na karani ameingiza hivi:

Namba 14: lita 6, yamekubaliwa
Namba 22: lita 9, yamekubaliwa
Namba 31: lita 4, yamekataliwa baada ya kupimwa kwa laktomita
Namba 45: lita 12, yamekubaliwa
Namba 52: lita 8, yamekubaliwa

Programu inatakiwa kupata orodha ya malipo. Mtunzi huipa maelekezo matatu: chukua mapokezi yote, pitisha yaliyokubaliwa tu, kisha yaliyopita yaweke kwenye orodha. Kwa Java, maelekezo hayo huandikwa hivi:

var orodha = mapokezi.stream()
  .filter(m -> m.yamekubaliwa())
  .toList();

Mstari wa kwanza unafungua mtiririko kutoka kwenye mapokezi ya asubuhi. Wa pili ndio chujio: unamwangalia kila mmoja na kumpitisha aliyekubaliwa. Wa tatu ni chombo cha mwisho chenye mfuniko. Namba 31 anabaki nje. Wanne wanapita, na jumla ya lita zao ni 35. Kama bei ni shilingi 1,000 kwa lita, kituo kinadaiwa shilingi 35,000.

Kuna mambo mawili ya mtiririko yanayowachanganya wanaoanza kujifunza. La kwanza, hakuna kinachopita mpaka kuwe na chombo cha mwisho cha kupokea. Ukiandika mstari wa kwanza na wa pili ukauacha wa tatu, programu haitachuja chochote. La pili, mtiririko hutumika mara moja tu. Ukitaka kuchuja tena, unafungua mtiririko mpya kutoka kwenye mapokezi yale yale.

Lita zinapotea bila mwizi

Watu wakisikia kwamba orodha imebadilishwa, wengi humfikiria mwizi. Mwizi anaweza kuwapo, lakini ndani ya programu hasara nyingine huletwa na mtu asiye na nia mbaya hata kidogo.

Turudi kwenye orodha yetu ya wanachama wanne. Programu ya kituo ina sehemu mbili zinazoitumia. Sehemu moja hutuma ujumbe mfupi kwa kila mwanachama kumjulisha lita zake. Nyingine huandaa malipo. Aliyeandika sehemu ya ujumbe alitaka programu ijue nani amebaki, kwa hiyo akaiambia: mtumie wa kwanza, mwondoe kwenye orodha, mtumie anayefuata, mwondoe, endelea mpaka orodha iishe. Kwake yeye, hiyo ilikuwa njia rahisi.

Tuseme ujumbe umekwenda kwa namba 14 na namba 22, kisha mtandao ukakatika. Orodha sasa ina watu wawili tu, namba 45 na namba 52. Sehemu ya malipo inakuja, inaikuta orodha ile ile, inahesabu lita 20 na kuandaa shilingi 20,000. Shilingi 15,000 zimepotea: 6,000 za namba 14 na 9,000 za namba 22. Wanachama hao wawili wana ujumbe kwenye simu unaosema maziwa yao yamepokelewa, lakini kwenye malipo hawamo.

Hapo hakuna aliyeiba. Hakuna hata hitilafu iliyoonekana, maana kompyuta ilifanya kila ilichoambiwa. Sehemu mbili za programu zilishika orodha moja, na mmoja akaifanya kuwa daftari lake la kuchora alama. Karani atakayeulizwa ataapa kwamba aliingiza majina yote, na atakuwa anasema kweli.

Mfuniko unafanya nini?

Orodha isiyoweza kubadilishwa inaruhusu kusomwa, kuhesabiwa na kupitiwa mstari kwa mstari. Hairuhusu kuongeza, kuondoa wala kuweka kitu kingine mahali pa kilichopo. Sehemu yoyote ya programu ikijaribu kufanya hivyo, Java huisimamisha na kutoa hitilafu iitwayo UnsupportedOperationException, maana yake kitendo hicho hakiruhusiwi hapo.

Katika mfano wetu, sehemu ya ujumbe ingemtumia namba 14, ingejaribu kumwondoa, na papo hapo ingesimama. Malipo ya watu wanne yangebaki kama yalivyo.

Msikilizaji anaweza kusema: lakini programu iliyosimama nayo ni tatizo. Ni kweli. Hata hivyo ni tatizo linalopiga kelele, na mtu hulisikia siku ya majaribio, kabla programu haijafika kituoni. Lile la kwanza lilikuwa kimya, na lingegunduliwa na mfugaji siku ya malipo. Mtunzi akishaona hitilafu hiyo, anaiambia sehemu ya ujumbe itengeneze nakala yake yenyewe ya kuchorachora, na orodha rasmi haiguswi tena.

Kuna sharti hapo. Java hailioni kosa hili wakati programu inaandikwa, hulikamata inapoendeshwa. Kwa hiyo programu ambayo haikujaribiwa vizuri inaweza kufika kituoni na kosa lake likiwa bado ndani. Na mtunzi akiamua programu yake imeze hitilafu zote kimyakimya ili isionekane kukwama, mfuniko utabaki pale, ila kelele yake haitasikika na mtu.

Si kila mfuniko ni sawa

Java ina njia zaidi ya moja ya kupata orodha, na majina yake yanakaribiana. Vijana wanaojifunza tunawashauri wazijue tofauti zake.

Njia ya mwaka 2014, iitwayo Collectors.toList, hukupa orodha bila ahadi. Maelezo rasmi ya Java hayasemi kama orodha hiyo inabadilika au haibadiliki. Kwa vitendo, hubadilika. Hicho ni chombo kisicho na mfuniko.

Njia ya zamani zaidi, Collections.unmodifiableList, imekuwapo tangu toleo la mwaka 1998. Hii ni kama dirisha la kioo. Aliye nje anaona orodha lakini hawezi kuingiza mkono. Tatizo ni kwamba orodha ya asili bado ipo upande wa ndani. Mwenye kuishika akiondoa mstari, aliye dirishani naye anauona umeondoka. Dirisha hutosha pale tu ambapo hakuna mtu mwingine aliyebaki na orodha ya ndani.

Mwezi Machi 2018, toleo la 10 lilileta amri mbili. List.copyOf hutoa nakala iliyofungwa: ukiibadilisha orodha ya zamani, nakala haitikisiki. Collectors.toUnmodifiableList hukusanya kutoka kwenye mtiririko moja kwa moja na kufunga.

Kisha mwezi Machi 2021, toleo la 16 likaleta ile fupi tuliyoitumia juu, toList inayoandikwa mwisho wa mtiririko. Nayo hutoa orodha iliyofungwa. Angalia kwamba jina lake linafanana na la ile ya mwaka 2014, lakini ahadi zake ni tofauti. Anayenakili mfano kutoka kwenye kitabu cha zamani anaweza kudhani amefunga, kumbe hajafunga.

Amri hizo mbili za mwisho zinatofautiana katika jambo moja: pengo. Wakati mwingine data huingia ikiwa na nafasi isiyo na kitu, kwa mfano simu ya karani ilizima kabla hajamaliza kuingiza mstari. Amri ya mwaka 2018 haikubali pengo. Ikilikuta inasimama na kutoa hitilafu. Ile ya mwaka 2021 inalikubali na kulifungia ndani pamoja na mistari mingine. Kwa orodha ya malipo, ukali wa amri ya kwanza una faida, kwa sababu pengo moja huenda ni mfugaji mmoja. Asiondolewe kimya, mistari yenye mapengo itengwe kwenye orodha yake ya kufuatiliwa na karani.

Kwa wanaoandika programu za simu, kuna la kuongeza. Mitiririko hii ilianza kuwamo ndani ya Android katika toleo la 7, la mwaka 2016, na amri mpya zaidi hazimo katika simu zote za zamani. Kabla ya kuchagua amri, angalia simu walizo nazo wanachama wako, wala si ile uliyo nayo wewe.

Kurasa zimeshonwa, maandishi ni ya penseli

Jambo hili huwapita hata wenye uzoefu. Kufunga orodha kunazuia mistari isiongezwe wala kuondolewa. Hakuzuii kilichoandikwa ndani ya mstari kisibadilishwe.

Fikiria daftari lililoshonwa vizuri, kurasa zake zimepigwa namba, huwezi kuchana hata moja. Lakini karani ameliandika kwa penseli. Mwenye kifutio anaweza kuigeuza 9 ya namba 22 kuwa 6, na hakuna ukurasa utakaopungua. Ndivyo ilivyo kwa orodha iliyofungwa ikiwa kila mstari wake ni kitu kinachoruhusu kubadilishwa.

Dawa yake ni kuandika mistari yenyewe kwa kalamu ya wino. Toleo lile lile la 16 la mwaka 2021 lilikamilisha aina ya kitu kiitwacho rekodi. Rekodi yenye namba ya mwanachama na idadi ya lita ikishatengenezwa, namba hizo hazibadilishwi tena. Orodha iliyofungwa yenye rekodi za namna hiyo ndani yake ndiyo inayostahili kuitwa isiyobadilika.

Kosa la kweli linasahihishwaje?

Makarani ni binadamu. Tuseme namba 52 alileta lita 18, na karani akabonyeza 8. Orodha imeshafungwa. Je, mfugaji apoteze lita zake 10 kwa sababu kompyuta imekataa kuguswa?

Hapana. Orodha iliyofungwa haikatazi kusahihisha, inakataza kufuta. Karani mzuri wa daftari hakukwangua. Aliacha kosa lilivyo, akaandika mstari mpya chini yake na kutia sahihi. Programu nayo inaweza kufanya vivyo hivyo. Marekebisho yanaingizwa kama pokezi jipya: namba 52, ongeza lita 10, sababu, aliyeidhinisha na saa. Kisha mtiririko mpya unafunguliwa, unapita kwenye chujio lile lile, na kutoa orodha ya pili yenye jumla ya lita 45. Orodha ya kwanza yenye lita 35 inabaki vilevile.

Sasa kuna orodha mbili, na mtu yeyote anaweza kuuliza kwa nini zimetofautiana na akapata jibu. Kungekuwa na orodha moja inayofunguliwa na kufungwa, tungeiona 45 tu, na aliyebadilisha angejijua mwenyewe.

Kinga hii inaishia wapi?

Tusiwape wasikilizaji matumaini ya bure. Orodha tuliyoieleza inaishi kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Umeme ukikatika, hutoweka kama haikuhifadhiwa kwenye diski. Inapohifadhiwa, ulinzi wake hugeuka kuwa suala la nani ana nywila, nani anaruhusiwa kuandika, na nani anatunza nakala. Mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi hiyo hazuiwi na mfuniko wa Java.

Wala orodha iliyofungwa haijui kama mizani ilisema kweli. Ukiingiza uongo, itaufunga uongo huo na kuutunza salama.

Kwa hiyo risiti yako ya karatasi na ujumbe wa kituo kwenye simu yako bado vina kazi. Ujumbe huo ni nakala iliyo nje ya kompyuta ya chama. Usiufute kabla ya kulipwa na kulinganisha.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano

Chama chenu kikiletewa programu mpya, mna haki ya kuuliza. Haya hayahitaji utaalamu:

1. Orodha ya siku ikishafungwa, kuna anayeweza kuondoa mstari? Ni nani?
2. Karani akikosea, kosa la kwanza linabaki likionekana au linafutwa?
3. Mstari usiokamilika unakwenda wapi? Nani anaufuatilia?
4. Mtandao au umeme ukikatika katikati ya kazi, malipo yanaanzia kwenye orodha gani?
5. Naweza kuonyeshwa mapokezi yangu ya mwezi mzima, siku kwa siku?

Swali la nne lijaribiwe mbele yenu. Waombeni wataalamu waingize wanachama watano wa mfano, wakate mtandao katikati ya kutuma ujumbe, kisha waonyeshe orodha ya malipo. Walioingia watano na kukubaliwa wanne, wanne wale wale wawepo. Akipungua hata mmoja, programu irudi kwa mtunzi kabla haijapewa maziwa ya mtu.